Mbegu za Shangazi

Mashamba saba ya mahindi yalikuwa yamekauka, na wenyewe wote walimpa bwana shamba jibu moja: mbegu walipewa na shangazi yake.

Shangazi huyo, aliyemlea bwana shamba tangu utotoni, alikuwa mlangoni akipukuchua mahindi kwa kidole gumba chenye sugu. Bwana shamba alichuma jani moja la mhindi uani kwa shangazi. Lilikuwa na michirizi ya manjano, ile ile aliyoiona katika mashamba saba.

"Ni virusi, shangazi. Wote saba hawavuni kitu."

"Masikini wanangu! Balaa hilo limetoka wapi?"

Bwana shamba aliyatazama mahindi mikononi mwa shangazi.

Shangazi alimshika mkono, akamjaza punje kiganjani, akamfumba vidole kimoja baada ya kingine.

"Basi wapelekee hizi, wapande upya. Zangu hazijawahi kumwangusha mtu."