Fisi na Haki ya Mwenye Nguvu

Haya nimeyapata kwa majirani, msiseme nimeyatunga. Fisi, aliyejiita mwanafalsafa, alimfukuza Bi Muhanga, mla sisimizi, katika shimo alilolichimba bibi huyo mwenyewe.

“Haki iko wapi, bwana?” Bi Muhanga alilia.

“Haki ni lile alitakalo mwenye nguvu. Toka!”

Bi Muhanga alitoka. Alichimba njia ya chini kwa chini kutoka kwenye kichuguu cha siafu hadi shimoni. Siafu maelfu wakamvaa Fisi, naye akatimka akipiga yowe: “Dhuluma! Nyumba yangu!”

“Dhuluma gani tena, mwalimu?” Bi Muhanga alicheka. “Si wenye nguvu wametaka?”

Kisha akautoa ulimi wake mrefu, akawalamba siafu wote, akalala kwake ameshiba. Fisi bado anajikuna.