Mwanga Usio na Joto

Wavinya aliziba dirisha kwa gunia, akasukuma leso chini ya mlango, na bado mwanga ulipenya. Jua la saa nane mchana halikutaka kufungiwa nje ya nyumba za Jericho. Basi akachukua blanketi zito la marehemu mama yake, akaketi kitandani kando ya baba yake, mkoba mapajani, akajifunika pamoja naye gubigubi.

"Mwaitu, utatuua na hili joto," Matheka alilalamika.

Alimwita hivyo, yaani mama kwa Kikamba, tangu azaliwe. Wavinya alirithi jina la nyanya yake mzaa baba, na Mkamba hamwiti mama yake kwa jina hata kama mama huyo bado ananyonya. Siku hizi neno lilikuwa limemkaa sawasawa, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfulia mzee, akampikia, akamshika mkono hadi chooni.

Matheka alichonga twiga na vifaru kwenye banda moja Majengo kwa miaka thelathini. Sasa presha ya macho ilimfikisha kupiga msasa tu, kwa vidole, na wenzake walimfichia makosa. Alhamisi daktari alisema waziwazi: jicho linaloona mwanga, hata kidogo, atalipasua. Lisiloona kitu, yeye hana la kufanya. Akawapa miadi ya mwezi ujao.

Mzee aliapa kwamba mwanga anauona. Wavinya hakumwamini, na kutomwamini kulimuuma. Angempima mwenyewe, ila mshumaa angeujua kwa joto lake, tochi angeijua kwa mlio wa swichi.

Na Masinde, mchumba wake, asingengoja mwezi ujao. Kiwanda kilimhamishia Mombasa, Jumamosi anaondoka, wazee wa pande zote mbili walishaelewana. Wavinya alimwambia hivi: baba akiona, nakuja nawe. Asipoona, tafuta mwingine. Aliyasema kwa ukali, kisha akaenda kulia mahali ambapo hakuna mtu.

Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo vya maabara ya chuo. Mwalimu mmoja alifuga humo vijidudu vya baharini, vidogo mno kuonekana kimoja kimoja, lakini vikiwa vingi pamoja huwaka. Mwanga wake ni baridi, tena kimya kabisa. Wavinya alimwomba chupa moja.

"Hawa wadudu wako wanakaa wapi huko baharini?" Matheka aliuliza.

"Ndani ya ngisi, Baba. Yeye anawapa chakula, wao wanamulika tumbo lake usiku, adui walio chini wasione kivuli chake."

"Wanakaa naye mpaka afe?"

"Hapana. Kila alfajiri anawatoa nje karibu wote. Wachache wanaobaki ndio wanazaana tena."

"Na hao waliotolewa? Si wanakufa?"

"Mwalimu anasema wanaishi tu. Bahari ni kubwa."

"Basi ana akili huyo ngisi," mzee akasema.

Wavinya alipapasa mkobani, akalegeza kifuniko ili hewa iingie, maana bila hewa vijidudu havikuwaka vizuri. Harufu ya chumvi na samaki ikajaa chini ya blanketi. Alikuwa ameomba tangu kanisani asubuhi, na hata sasa midomo yake ilikuwa ikiomba.

"Baba, mimi sitakuambia kitu. Wewe useme tu unachokiona."

"Naiona."

"Unaona nini?"

"Si ndiyo hiyo chupa yako! Ya buluu, kama ulivyosema. Imetulia kabisa. Ati ni wadudu wanafanya hivyo? Mungu ni fundi, mwaitu, sisi wengine tunajaribu tu."

Wavinya alimshika baba yake kiganja, kile kiganja kigumu kilichochubuka kwa msasa, akakikandamiza shavuni.

"Umelowa," Matheka alisema. "Unalia nini?"

"Ni furaha, Baba."

"Basi jioni umwambie yule kijana. Mimi macho yangu yatatengenezwa, daktari amesema. Na Nthoki hapo mlango wa pili atanipikia, nimeshaongea naye."

"Ulishaongea naye?"

"Kitambo. Sasa niambie, utaenda?"

Joto lilikuwa limezidi, na jasho likachanganyika na machozi. Nje watoto walikuwa wakirushiana mpira wa kati.

"Nitaenda, Baba."

"Haya. Huo ndio mwanga," mzee alisema. "Tazama unavyopendeza."

Ndipo Wavinya alipoingiza mkono kwenye mkoba, akaitoa chupa kwa mara ya kwanza, akaitikisa. Blanketi lote likawaka buluu, ndevu nyeupe za baba yake zikaonekana moja moja, naye Matheka, uso ameuelekeza ukutani, akazidi kuusifu ule mwanga.