Tuzo ya Hewa Safi

Tangu dawa aliyoivumbua mhandisi Kiangi ianze kutiwa kwenye maji ya bomba, mkewe Nambua, kama watu wote wa mji ule, hakusikia tena harufu ya moshi wa kiwanda, wala ya kitu kingine chochote. Leo Kiangi alirudi nyumbani na tuzo ya kemia ya viwanda.

"Mama Eliya, hata hongera hunipi?"

Nambua alikuwa amempakata Eliya, aliyetapika tangu alfajiri. Samaki alikuwa ameoza, naye alimlisha mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Akausogeza mchuzi wa samaki huyo uliobaki mbele ya mumewe.

"Nusa, Baba Eliya."

Kiangi aliinama, akavuta pumzi ndefu, akatabasamu.

"Sisikii kitu. Ndiyo maana wamenipa tuzo."

Akaketi, akachukua kijiko. Nambua hakumzuia.