Kati ya Pigo na Pigo

Bi Mwanatumu alikuwa na tabia iliyomchosha mkaza mwanawe, Riziki: kila baada ya maneno machache alinyamaza kidogo, ndipo akaendelea. Alizaliwa kando ya kinu cha maji. Nyundo zake za mti zilizipiga nguo za sufu mchana kutwa mpaka zikashikamana, na watu wa pale walizoea kusema kati ya pigo na pigo. Kisha mto ulifurika, ukakizoa kinu pamoja na jamaa zake wote. Mahali pale sasa pamelimwa mihogo.

Asubuhi moja fundi wa miavuli alipiga hodi.

"Kama mna mwavuli," alisema, akanyamaza, "uliokatika waya," akanyamaza tena.

"Utautengeneza, tumesikia!" Riziki akamdakia. "Hatuna."

"Mwache, mwanangu." Bi Mwanatumu alimsogezea mgeni kigoda. "Nyinyi mlikaa," aliuliza, "ng'ambo ipi..."

Akanyamaza. Mgeni hakumdakia. Aliinamisha kichwa, na wote wawili wakangoja nyundo ishuke.