Palipolainika

Fundi alipiga magoti ndani ya ile nyumba ya magurudumu, gari lenye vitanda na makabati ndani, akawa anaigonga sakafu kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Ko, ko, ko. Alipofika chini ya kitanda cha nyuma, mlio ukabadilika. Bu.

"Hapa pameoza," akasema.

Akamweleza mwenye gari, mwanamume mpole wa shati lililonyooshwa, kwamba paneli hizi ni mabapa mawili ya plastiki ngumu yaliyobana povu katikati. Maji yakishapenya, gundi huachia, na povu hugeuka uji. Ukiitazama sakafu, nzima. Ikanyage sasa, utajua hujui.

"Mke wangu ndiye anayelala hapo tukiwa safarini," mwanamume akasema. "Itashika mpaka wapi?"

Fundi akamwambia kwenye lami ingejikongoja, lakini si ile barabara ya makorongo ya kushukia bondeni. Huko kitanda kingekwenda na aliyekilalia, moja kwa moja chini ya magurudumu. Akajitolea kuibadilisha sakafu kabla ya safari ya kesho.

Mwanamume akashukuru, akakataa. Wangetengeneza wakirudi, kwa sasa mkewe angekaa mbele, pembeni yake. Akauliza tu, taratibu, kama ile njia ya makorongo bado inapitika.

Uongo mtupu ule wa mke kukaa mbele. Njiani alisimama dukani, akanunua zulia, akalitandika pale palipooza na kulisugua kwa kiganja mpaka likatulia. Mwanamke wa watu alikuwa anapelekwa kufa, na huyu alikwishaanza kujizoeza uso wa kupokelea pole.

Lakini fundi, mikono ya dhahabu, binadamu hakuwajua hata kidogo. Jioni, wakila, alimsifia mkewe wale wateja.

"Wale wanapendana, mama watoto. Jana mke alikuja na gari hilohilo, nikamkagulia kuta. Nikamwonya kuwa paneli ya juu ya kiti cha dereva imekwisha, skrubu za kabati lililofungwa hapo zinashika hewa, asiweke humo hata kikombe, lisije likamwangukia dereva. Akanisihi nisimwambie mumewe, nisije nikamtia wasiwasi. Atamwambia mwenyewe."

Saa hiyohiyo mwanamke yule alikuwa amesimama juu ya kiti cha dereva, akipanga sufuria za chuma kabatini.