Muhogo wa Kuazima

Kila Ijumaa, kila nyumba hukata muhogo wa shambani kwake mbele ya kamera iliyofungwa jikoni. Kamera ikikuta michirizi ya kahawia na kutoa daraja la tano, shamba linachomwa, kisha wenyewe wanahamishwa.

"Shoga, niazime ule muhogo mzima, wangu una michirizi," Somoe alimwambia jirani yake, Asumini.

Asumini aliutoa ndani ya kanga. Ulikuwa umebaki mfupi kama kidole gumba.

"Tangu asubuhi umeshapita nyumba kumi na tisa. Kata kidogo tu, mimi ndiye wa mwisho."

Jikoni kwake, Somoe alikata kipande chembamba, akakiinua mbele ya kamera.

"Daraja la kwanza," ilisema kamera. "Hongera."

Akautazama uliobaki. Pale alipokata palikuwa na mchirizi wa kahawia.

Akaufunga vizuri kwenye kanga, akamrudishia shoga yake.