Mtama wa Kashindye

Jiwe la kwanza lilipasua mtungi uliokuwa mlangoni, na maji ya kutwa nzima yakamezwa na vumbi kabla Kashindye hajainuka.

"Toka nje, kikongwe!"

Aliijua sauti hiyo. Ilikuwa ya Ngosha, jirani yake na kamanda wa walinzi wa kijiji. Kashindye alitoka akijifunga kanga kiunoni. Uwanja ulikuwa umejaa watu, wengine na fimbo, wengine na mapanga. Hakuna aliyempa shikamoo.

Msimu ule wa tisini na sita kuingia tisini na saba, mvua iliwafanyia watu mchezo. Ilinyesha siku mbili, wakakimbilia kupanda, ikakata. Ikarudi siku moja, wakapanda tena, ikakata moja kwa moja. Mbegu za mahindi walizouziwa kwa bei ya kuumiza na wafanyabiashara wa mjini, maana ushirika uliokuwa ukiwakopesha ulikwisha kufa, zilikaukia ardhini. Pamba ilitoka vidole viwili ikaungua. Mawingu yalitoka ziwani, yakapita juu ya vichwa vyao, yakaenda kumwaga mbele huko, kwa wengine.

Shamba moja tu lilibaki kijani: la Kashindye, kule bondeni. Hakuwa na siri yoyote. Alipanda mtama wa mbegu ya zamani, ule ambao vijana waliucheka, akainua matuta na kuyaziba ncha ili kila tone libaki humo humo. Aliwaeleza wenzake tangu mwanzo. Waliona ni kazi ya punda. Sasa ukijani ule ndio ukawa ushahidi.

Asubuhi hiyo ya Alhamisi waliketi mkutano uliokuwa umepangwa tangu Jumapili, bila kumwita, na mchana wakaja kumpa hukumu.

"Mvua yetu umeifungia wapi?" aliuliza Shimba, mzee aliyekwisha kuzika ng'ombe kumi na mmoja.

"Baba, mvua ni ya Mungu. Mimi nimelima tu."

"Umelima! Na sisi tulikuwa tunacheza ngoma?"

Watu wakacheka, kicheko kisicho na furaha. Shimba akawageukia. "Huyu tumwacheni mpaka giza liingie. Giza linajua kazi yake."

"Giza la nini?" Ngosha alifoka. "Mnamwogopa? Aondoke sasa hivi, mchana kweupe, kila mtu amwone!"

Akaingia ndani kwa kishindo. Blanketi likaruka nje, likafuata sufuria, kisha gunia dogo la mbegu ya mtama. "Uchawi wako uende nao! Usiache hata punje hapa." Akatoa kiberiti, akaiwasha nyumba kwa mkono wake mwenyewe. Nyasi za paa zilikuwa kavu kama karatasi.

Kashindye alimtazama mtu huyo, ambaye mwaka jana mkewe alijifungulia mikononi mwake. Ndipo ikamjia akilini kwamba mashamba yao yalipakana, na kati yao palikuwa na mfereji tu. Yeye akishaondoka, nani angelima bonde lile?

"Kumbe ni bonde," alisema polepole. "Ungeniomba tu, Ngosha."

"Tembea!"

Alimswaga kama ng'ombe aliyeingia shamba la watu, kilomita sita hadi barabara ya Kisesa. Fimbo ilipiga vumbi nyuma ya visigino vyake. Mguu ulipoteleza akaanguka, mwanamke mmoja aitwaye Suzana akainama amwinue, na Shimba akasogea na panga lake. Ngosha akawasukuma wote wawili. "Asiguswe na mtu! Huyu ni wangu."

Barabarani palikuwa na lori la mbuzi, injini ikinguruma. Ngosha alimnyanyua kama gunia, akamtupa nyuma katikati ya mbuzi, na mzigo wake juu yake.

"Ukikanyaga tena huku, nitakuua kwa mkono huu!" alipaza sauti, wote wasikie.

Kashindye alijikokota hadi ukingoni mwa lori, akamtemea mate. Yalimpata kifuani.

"Mvua inyeshe, Ngosha, ikuruke wewe peke yako! Utakula vumbi, wewe na kizazi chako!"

Lori likaondoka. Ngosha alibaki kasimama katikati ya barabara, mate hayo hakuyafuta.

Njiani Kashindye alilia mpaka machozi yakaisha. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Rebeka, aliyekuwa akichuna minofu ya sangara katika kiwanda kimojawapo kati ya vile vilivyofunguliwa Mwanza. Alisikia anaishi Nyegezi, ila nyumba hakuijua. Ingebidi aulize mlango kwa mlango, mwanamke mzee asiye na hata viatu. Ziwa lilipotokeza, maji mpaka mwisho wa macho, aligeuza uso. Maji yote yale, na watu wanachomeana nyumba kwa tone. Akamlaani Ngosha tena, safari hii kwa jina la baba yake na la babu yake.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama lori liliposimama Nyegezi, kwenye stendi. Dereva hakumdai nauli. Alishuka, akampa mkono.

"Shuka taratibu, mama."

Alikuwa hajakanyaga chini vizuri aliposikia anaitwa. Rebeka alikuwa anakuja mbio, bado kavaa mabuti meupe ya kiwandani, akamkumbatia na vumbi lake na harufu yake ya mbuzi.

"Mwanangu! Nani amekwambia nakuja?"

"Ngosha, mama. Alinifuata kazini Jumatatu, akaniomba nikusubiri hapa Alhamisi jioni. Alisema utashuka unamlaani, na nisikukataze."